Mafaili Mawili, Uzi Mmoja

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na fundi haamini jicho mpaka kidole kikubali. Akiwa katikati ya dawa za saratani ya tezi za limfu, zilizomvimba shingoni, alikuwa akijipima blauzi aliyoipunguza baada ya kukonda. Kidole kikakuta kivimbe kwenye titi.

Kliniki ya tezi ni Jumanne. Daktari akasema ni tezi zilezile, dawa zitazimaliza. Za shingoni ziliyeyuka kweli, lakini kivimbe kikabaki kigumu kama kifungo cha koti. Shangazi akasema tena Jumanne mbili zilizofuata. Akaambiwa awe na subira.

Akajipeleka mwenyewe kliniki ya matiti, inayofunguliwa Alhamisi kwenye korido hiyohiyo. Karani akamfungulia faili jipya la waridi, kwa kuwa lile la kijani ni la Jumanne. Kipimo kikaonyesha saratani nyingine kabisa, isiyo na undugu na ya kwanza. Mume wake akamfariji kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nusura nimrushie pasi.

Sasa shangazi alikuwa wagonjwa wawili wasiojuana. Wa Jumanne alipangiwa dawa kali, wa Alhamisi apasuliwe siku mbili baadaye, na mwili uliokuwepo ni mmoja, tena umechoka. Tulimwuliza karani nani atawaambia madaktari. Akajibu kwa adabu zote kwamba mafaili ya rangi tofauti hayachanganywi.

Shangazi hakubishana. La waridi hakulirudisha; alilitia mkobani. Jumanne alipokabidhiwa la kijani apeleke kwa daktari, alikaa kwenye benchi, akatoa sindano na uzi wa sare za shule, akayashona pamoja.

Daktari alivuta, uzi ukagoma. Akaomba mkasi.

"Kabla hujakata, baba, soma," shangazi alisema.

Akasoma yote mawili, akauliza kivimbe alikihisi lini.

"Nilikwambia Jumanne tatu."

Daktari alisimamisha dawa, akampigia simu mwenzake wa Alhamisi, ambaye namba yake ilibidi kwanza aiombe kwa karani. Wakakubaliana wakae pamoja wapange upya.

Tulipokuwa tunatoka, karani alimkabidhi shangazi barua ya onyo kwa kuharibu mali ya hospitali, akasema nakala itawekwa kwenye faili lake. Shangazi akauliza, faili lipi, la kijani au la waridi? Aliuliza kwa upole, mkono mmoja ukiwa umefunika titi.