Watu sitini na mmoja, hesabu sabini na nne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtunzaji wa kituo cha wanafunzi wa chuo amesimama mbele ya ukuta wa vikombe, kalamu sikioni, fomu mkononi. Anahesabu. Anafika thelathini na nane, anasita, anaanza upya.

"Jana vilikuwa sawa," ananung'unika. "Au jana ndiyo nilikosea?"

Wanafunzi wanamwita Mjomba Misumari. Ana miaka hamsini na minne, shule aliiachia darasa la tano. Miaka kumi na tisa iliyopita aliitwa kutengeneza bawaba ya mlango wa kituo hiki. "Nilikuja kushika mlango, mlango ukanishika mimi," anasema.

Kituo kilijengwa ili vijana waliotoka kila upande wakutane, wasome, wapikiane chai. Mgeni akija na kikombe chake, Mjomba anamgongelea msumari ukutani wa kukitundika. Alianza kwa mpango: safu ya kwanza watu wa milimani, ya pili watu wa ziwani, ya tatu wa ng'ambo ya mpaka, na kuendelea.

Wiki iliyopita ofisi ya mlezi wa wanafunzi ilileta fomu. Ilitaka idadi ya wanafunzi kwa kila jamii, ifike Ijumaa saa nne. Isipofika, au ikifika na makosa, chumba kinageuzwa stoo ya karatasi za mitihani.

Mjomba aliona kazi rahisi, ahesabu vikombe tu. Akasahau kwamba wanafunzi wana miguu. Kikombe cha bati cha binti wa ziwani kiko milimani, kwa sababu shoga yake yuko huko. Safu ya mpakani imejaa watu ambao mpaka hawajawahi kuuona.

Basi akaamua kuuliza mmoja mmoja. Ndipo mambo yalipoharibika.

"Mwanangu, nikuandike wapi?"

"Kwa baba au kwa mama, Mjomba?"

"Ulilelewa na nani?"

"Na bibi."

"Bibi wa wapi?"

"Mzaa mama. Lakini yeye alizaliwa kule kwa kina baba."

Mjomba aliweka kalamu chini akaomba maji. Wa namna hiyo walikuwa kumi na watatu. Kwa kuogopa kumdhulumu mtu mzazi wake, aliwaandika pande zote mbili.

Fomu ilirudi Jumatano, imepigwa mstari mwekundu. Karani wa ofisi aliileta mwenyewe pamoja na fomu mpya, akicheka.

"Mzee, watu sitini na mmoja wamekuwaje sabini na nne? Wamezaana humu?"

"Usinicheke, bibie. Nioneshe nilipokosea."

Karani alikaa akahesabu. Alihesabu mara mbili. Chai ikapoa. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi, ambaye baba yangu ni wa ziwani na mama wa milimani, ningekaa wapi?" Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, mke wa Mjomba alimwambia atupe kumi na watatu wowote, kazi iishe. "Wewe hata kuku hujui kumchagua wa kuchinja," alimtania.

Leo ndiyo Ijumaa. Saa tatu na nusu, binti wa kikombe cha bati anaingia mbio. "Mjomba, hujapeleka tu?"

"Bado nawaza, mwanangu. Kichwa kimekuwa kama uzi uliochezewa na paka."

Anachukua kalamu. Visanduku vyote anavikata. Chini kabisa, penye neno "Mengineyo", anaandika sitini na moja. Anaitazama, hana hakika kama ameandika akili au upuuzi. Kisha anavaa viatu aende ofisini.

"Wakikubali, Jumatatu nagonga misumari mingine kumi, nimeshaambiwa kuna wageni," anasema akiwa mlangoni. "Wakikataa, nawarudishia ile ya sabini na nne, waniambie wao nimpunguze nani."