Kondoo Wenye Mkia wa Panya

Dada yangu si mtu wa kupendeka, na hata yeye mwenyewe habishi. Asubuhi ana maneno makali, mchana makali zaidi, na jioni akishachoka anakuangalia tu, nako ni kubaya kuliko maneno. Mimi ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa. Tangu utotoni ananiita Bubu kwa sababu mbele za watu sisemi, na jina likanikaa. Kwenye duka la pembejeo ninakopakia na kushusha magunia, hata tajiri wangu halijui jina langu lingine.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipokwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha jibini. Miaka minne aliosha matangi. Aliingia ndani ya tangi na brashi, akatoka nywele zinanuka maziwa yaliyochacha. Baadaye wakamfundisha kugandisha, kukata mgando kwa nyuzi za chuma, kukamua kwenye kitambaa, na mwisho wakamkabidhi chumba cha rafu, ambako jibini hugeuzwa kila siku kama mgonjwa wa kitandani. Kwa jumla alikaa huko miaka ishirini na moja. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, anakuuliza wewe uliyeoa umepata nini.

Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na sanduku moja, sufuria mbili kubwa, na kipimajoto alichokifunga ndani ya soksi. Kaka yetu mkubwa alikuwa amekaa mlangoni.

"Umerudi likizo?" kaka akamuuliza.

"Nimerudi kwangu."

"Kwako wapi?"

Maamkizi yao yaliishia hapo.

Kaka ndiye aliyebaki na ng'ombe wa baba, na pamoja na ng'ombe akabaki na malisho yote, hata lile shamba la chini lililo karibu na mfereji, lenye majani mabichi mwaka mzima. Baba kabla hajafa alisema shamba la chini ni la dada. Alisema mbele ya mdogo wake, ambaye sisi tunamwita Baba Mdogo. Lakini kuna kusema na kuna kukaa, na waliokuwa wamekaa humo miaka yote ni ng'ombe wa kaka.

Mwaka uliofuata dada akaleta kondoo. Mradi mmoja wa mifugo ulikuwa unatafuta mtu anayejua jibini, ili umpe mbegu ya kondoo kutoka nchi ya baridi, mbegu ambayo hata huko kwao imebaki kidogo. Kondoo hao wanakamuliwa kama ng'ombe. Wakamkabidhi majike kumi, yote yakiwa na mimba. Siku lori liliposhusha, watu walijaa kutazama. Walikuwa wakubwa, weupe, masikio mapana, na nyuma, pale ambapo kondoo wetu ana mkia wa mafuta unaoninginia kama mfuko, hawa walikuwa na kamba nyembamba isiyo na hata unyoya.

Mke wa kaka akashika kiuno. "Wifi, hawa mikia yao wameibiwa njiani, au wameazima kwa panya?"

"Mkia wa kazi gani, wifi? Wewe wako uko wapi na bado unakula."

Watu wakacheka. Mke wa kaka hakucheka, na tangu siku hiyo hakumpa dada hata kiberiti.

Ugomvi wa shamba ukapelekwa kwa Baba Mdogo. Yeye anachukia kelele, kwa hiyo aliamua haraka. Dada achukue shamba la chini, aweke kondoo wake. Wakiishi na kuzaa misimu miwili, shamba ni lake na mjadala umekwisha. Lakini kaka naye akadai neno lake lisikike: wale kumi wakipungua wakabaki watano, basi imeonekana si mifugo ya hapa, ng'ombe warudi. Baba Mdogo akamwuliza dada kama anakubali.

"Nakubali," dada akasema. "Na yeye akubali kukaa mbali na lango langu."

Alizungushia shamba senyenge kwa mikono yake, mimi nikishika nguzo. Akajenga banda la mbao lenye sakafu iliyoinuliwa. Wakazaa. Akawatenga wana na mama zao usiku ili asubuhi akamue, na kaka alipoona wana wanalia upande mmoja wa ubao na mama zao upande wa pili, alisimama barabarani akasema kwa sauti ya kila mtu asikie kwamba mwanamke asiyezaa ataijulia wapi huruma. Dada hakuinua kichwa. Aliendelea kukamua. Ila niliona maziwa yanapiga ndoo kwa nguvu kuliko kawaida.

Jibini ya kwanza ilikaa rafuni miezi miwili. Alikata vipande akanituma nipeleke kwa kaka, na huo ulikuwa upole wa pekee nilioona mwaka ule. Kaka alitafuna, akatema mkononi, akamtupia mbwa. Mbwa akala. Niliporudi dada akauliza kaka amesemaje. Nikamwambia ametema, kipande kimeenda kwa mbwa.

"Na mbwa?" akauliza.

Nikamwambia mbwa amekula.

"Basi kuna mtu mwenye akili mle ndani."

Jibini ikaanza kutoka. Hoteli mbili zikawa zinaagiza. Dada akawatunza wale kondoo kuliko alivyojitunza mwenyewe: majani yaliyokatwa, maji yaliyobadilishwa mara mbili, na chumvi.

Hapa pa chumvi ndipo pa kusikiliza. Nyumbani kwetu baba alikuwa na jiwe bapa uani. Kila baada ya siku kadhaa alimwaga juu yake chumvi ya madini, ile ya ng'ombe inayouzwa madukani, na mifugo yote ililamba hapo, ng'ombe kwanza, kondoo baadaye. Kondoo wetu hawakufa. Kwa hiyo dada alipotaka wageni wake wale vizuri, aliniambia nimletee chumvi ileile kutoka dukani, lakini akawawekea kwenye hori lao wenyewe, limejaa, kila siku, bila ng'ombe wa kuwasukuma. Nilikuwa nambebea gunia kila mwezi.

Mwezi wa tatu wa kubeba, nilipolaza gunia begani, maandishi yakanijia usoni. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, lakini herufi nazijua nikipewa muda. Chini ya picha ya ng'ombe palikuwa na mstari mdogo: usiwape kondoo. Nilisimama nao njiani kidogo. Nikakumbuka jiwe la baba. Nikamfikiria dada pia, jinsi ambavyo angenitazama na kuniuliza tangu lini Bubu amekuwa daktari. Nikaliweka gunia bandani, nikaenda zangu.

Miezi ikapita, kondoo wananona, nikajiambia waandishi wa magunia wanaandika mengi.

Kisha siku moja mchana, dada akiwa amekwenda kupeleka jibini, lango la shamba la chini likakutwa wazi na fahali wa kaka yuko ndani na ng'ombe sita nyuma yake. Niliitwa kutoka dukani. Nilikuta kondoo wamekimbizwa mpaka kwenye kona ya senyenge, wamelaliana, wanahema midomo wazi. Kaka alikuwa anatoa ng'ombe wake taratibu kama mtu anayetoa viti sebuleni.

"Lango limejifungua," akaniambia.

Lango lile lina komeo la chuma. Nililichomelea mimi.

Kesho yake asubuhi majike mawili yalikuwa chini. Saa sita, manne. Dada alifunua kope la mmoja, ndani palikuwa manjano kama kiini cha yai. Mkojo wao ulikuwa mweusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Kufikia alasiri wanne walikuwa wamekufa na wa tano amelala ubavu, yule mkubwa kuliko wote, aliyekuwa akimfuata dada hata chooni.

Dada hakulia. Alinawa mikono, akatembea hadi dukani kwetu, maana alijua kaka anachukua pumba siku hiyo. Watu walikuwa wamejipanga kwenye mizani.

"Wewe," akamwambia kaka. "Umewawekea nini wanyama wangu?"

"Nimewawekea nini mimi?"

"Sumu. Jana umeingia, leo wamekufa. Wananchi, mtazameni vizuri huyu. Ameua kondoo wanne kwa sumu kwa sababu ya majani."

"Bi Jibini, chunga mdomo."

"Niuchunge kwa nani? Uliomba wafe tangu siku ya lori. Sasa umeona maombi yanachelewa, ukaamua kusaidia."

Kaka akamshika mkono. Dada akampiga kibao. Mimi nilikuwa na gunia begani, na nilibaki nalo begani mpaka tajiri akaja kulishusha mwenyewe.

Daktari wa mifugo alifika kesho yake kwa pikipiki. Baba Mdogo aliitwa, kaka akaja na mkewe, wakasimama upande wao wa senyenge. Daktari akampasua mmoja wa waliokufa juu ya mfuko wa plastiki. Ini lilikuwa la manjano na figo nyeusi ti. Akaziangalia bila haraka, kisha akaenda bandani, akaangalia hori, akachovya kidole kwenye chumvi, akakilamba.

"Hii chumvi ni ya nani?"

"Ya kondoo," dada akasema.

"Hapana, mama. Ni ya ng'ombe. Ina shaba. Ng'ombe anaihitaji, kondoo inamuua, na aina hii ndiyo dhaifu zaidi."

"Baba yetu aliwapa chumvi hii miaka yote."

"Aliwapa wangapi, kwenye chombo gani?"

Dada akafungua mdomo kumweleza habari ya jiwe. Nikaona anavyosimama katikati ya maneno. Alikuwa ameelewa kabla hajamaliza: ng'ombe wa baba walikuwa wanalamba yote, kondoo wakabaki kunusa jiwe.

"Shaba inajikusanya kwenye ini," daktari akasema. "Miezi mitano, sita, huoni dalili yoyote. Halafu siku mnyama akipata mshtuko mkubwa, ini linaiachia yote kwa mpigo kwenye damu. Hawa walipata mshtuko gani?"

Baba Mdogo akamtazama kaka.

"Mmesikia," kaka akasema. "Ni chumvi."

"Mmesikia," dada akasema. "Ni mshtuko."

"Nani alikuwa analeta hii chumvi?" daktari akauliza.

Dada alinitazama. Hakunitazama kwa huruma, msifikiri hivyo.

"Nilikuwa nainunua mimi," akasema. "Andika hivyo."

Daktari akaacha dawa ya kuwanywesha waliobaki, akakataza chumvi, akakataza kuwasogeza wala kuwapigia kelele. Akasema yule aliyelala hawezi kumtolea ahadi. Baba Mdogo akahesabu kwa kidole: kati ya wale majike kumi, waliobaki ni sita pamoja na huyo. Akifa, ni watano.

"Tutaona," kaka akasema. Alasiri hiyohiyo akawaleta ng'ombe wake wakasimama nje ya lango, tayari.

Siku nne dada hakutoka bandani. Alimnywesha yule jike dawa kwa chupa, akamgeuza ubavu hadi ubavu kila baada ya muda, kama alivyokuwa akigeuza zile jibini za kiwandani. Mimi nilipeleka maji. Hatukuzungumza ila mara moja. Nilimwambia kwamba nilisoma maandishi ya gunia mwezi wa tatu.

Aliendelea kumsugua kondoo shingo.

"Najua kuwa unajua kusoma," akasema. "Ni mimi niliyekufundisha. Sasa ondoka, unaniwekea kivuli."

Siku ya tano jike akainua kichwa. Ya sita akasimama, akakojoa, na mkojo ulikuwa wa kawaida. Dada akatoka, akapita katikati ya ng'ombe wa kaka kama anapita kwenye magugu, akaenda kwa Baba Mdogo kumwambia sita ni sita.

Kaka hakukubali kirahisi. Alidai jambo moja: dada amemwita muuaji wa kondoo kwa sumu mbele ya watu dukani, basi arudi dukani afute maneno, la sivyo hata Baba Mdogo akisema nini yeye hatatoa ng'ombe pale langoni. Baba Mdogo akasema hilo ni haki. Dada akasema sawa.

Alikuja asubuhi ya wateja wengi. Kaka alikuwa ameshafika, amejinyoa. Dada akasimama karibu na mizani, mikono nyuma.

"Nilisema huyu ameweka sumu. Hakuweka sumu. Chumvi ilikuwa yangu, nilikosea kwa ujinga wangu. Yeye alifungua lango tu akaingiza fahali, kwa ujinga wake. Nimemaliza."

"Hiyo siyo kufuta," kaka akasema.

"Nimefuta cha kwangu. Cha kwako futa mwenyewe."

Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akacheka kwa pua. Kaka alikuwa amekunja uso, na niliona anatafuta neno la kumrudishia, na neno la kurudisha lilikuwapo pale mbele ya kila mtu: ujinga wa dada kuhusu chumvi. Nikaweka gunia chini. Sijui nani alinisukuma.

"Chumvi nilileta mimi," nikasema. "Nilisoma imekatazwa. Sikusema. Na komeo la lango halijifungui. Nimelichomelea mwenyewe."

Kaka akanitazama kana kwamba kiti kimeongea. Kisha akachukua pumba zake, akaondoka bila kupima, na kabla ya mchana ng'ombe walikuwa wametolewa langoni. Mpaka leo hatusalimiani naye, wala mkewe.

Dada alikuwa bado amesimama. Nilidhani atasema kitu. Alikuja karibu, akainama, akasoma maandishi ya gunia lililokuwa miguuni pangu, yote, hadi mstari wa mwisho.

"Nani alikuuliza, Bubu?" akasema. Akatoka nje kwenda kukamua, maana muda ulikuwa umepita.