Kigingi Chekundu

Mtaro ulio mbele ya nyumba ya mama, hapa Msamala, unanuka. Sisemi unanuka kidogo. Unanuka pampasi, utumbo wa kuku, na choo ambacho mtu fulani huko juu amekielekeza humo kwa bomba bila hata chembe ya aibu. Nikisimama pale natema mate, na mate yenyewe yanaangukia chupa za plastiki. Ndiyo maendeleo hayo. Kwenye mkutano wa mtaa tuliyapigia makofi, na mimi, niliyemwakilisha mama, nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Kabla ya lami barabara yetu ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, lakini mtu alitoka barabarani, akapiga hodi, akaingia, akakaa. Mama ana magoti mabovu, kanisani hafiki tena. Kilichobaki kumuunganisha na watu ni jumuiya, yaani wale majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Zamu yake ikikaribia, mama huanza kufagia uwanja tangu Alhamisi. Kitambaa cha meza hukipiga pasi mwenyewe, hataki nikiguse.

Basi wakaja wapimaji wawili na vizibao vyao vya kung'aa. Shikamoo hawakutoa. Wakapigilia kigingi mbele ya mlango wa mama, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu.

"Wanangu, hiki cha nini?" mama akauliza.

"Kazi ya serikali hiyo, bibi," mmoja akajibu, simu ikiwa sikioni, na wakaenda zao.

Jamani, nani hapa mjini asiyeijua rangi nyekundu? Nyumba ikichorwa X nyekundu, mwenyewe anaanza kufunga virago. Mama hakula siku ile. Mimi naishi Matogoro, mbali kidogo na hapa. Aliponipigia simu huku analia, nilipanda bodaboda nikaja mbio. Nikakitazama kile kigingi, nikasonya.

"Mama, usihangaike na takataka hii."

Nikakitikisa, nikaking'oa, nikakichomeka jikoni chini ya sufuria ya maharage. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe una kichwa kigumu cha baba yako," akasema. Maharage yale tuliyala kwa raha zetu zote.

Hazikupita wiki nyingi, likaja katapila. Mtaro ukachimbwa, kina cha kunifika kifuani, ukajengewa mawe, kisha lami ikamwagwa. Jirani wa kushoto akawekewa kivuko cha zege cha kupitia juu ya mtaro. Baa iliyo kulia ikapata viwili, maana walevi nao wana heshima yao. Kwa mama, hakuna kitu.

Nilifura. Nikamfuata msimamizi wa ujenzi, nikamkuta anakula chipsi mayai juu ya boneti ya gari. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni na mengine nikayatunga pale pale. Akafuta vidole, akakunjua karatasi.

"Dada, vivuko tulimwaga penye vigingi vyekundu. Kwenu kwenye mchoro kipo, lakini vijana walikuta hakuna kigingi. Sijui nani kakitoa."

Nikayakumbuka yale maharage. "Sasa mbona hamkutuambia ni vya nini?"

"Hamkuuliza."

Hatukuuliza! Mtu mzima anakwambia hivyo na mafuta ya chipsi mdomoni. Akanishauri niandike barua. Niliandika, kurasa mbili za hasira tupu, nikaeleza kila kitu isipokuwa habari za kigingi. Mpaka leo sijajibiwa.

Tuliweka ubao, ukaibwa. Tukaweka wa pili, mvua ikauozesha. Kupitia kwa majirani haiwezekani: kushoto kuna ukuta wenye vigae vya chupa juu, na baa nayo imejizungushia mabati. Siku hizi kila mtu hapa kajifungia na uvundo wake. Mimi naruka, mama haruki. Wiki saba hakuvuka kwenda popote.

Kisha zamu yake ikafika. Alifagia tangu Alhamisi. Jumamosi nikatandika mkeka, yeye akaweka meza, msalaba, mshumaa na kile kitambaa. Nikalaza ubao mpya juu ya mtaro. Jumuiya ikaja, akina mama watu wazima karibu wote, wakasimama ng'ambo wakautazama ubao unavyocheza. Hakuna aliyethubutu.

"Tumsifu Yesu Kristo!" mwenyekiti wao akaita kutoka kule kwenye lami.

"Milele amina," mama akaitikia, amesimama peke yake karibu na mkeka.

Pikipiki zikawapigia honi. Mwenyekiti akaziba pua kwa ncha ya kitenge. "Mama, hivi kwa nini wenzio wote wamewekewa kivuko isipokuwa wewe?"

Mama hakunitazama hata kidogo.

"Kigingi chao nilikitoa mimi," akasema. "Nilidhani wanakuja kunibomolea. Ujinga wa uzee, mwenzangu."

Wakacheka kwa huruma. Mimi nikainama, nikajifanya naweka ubao sawa.

"Basi leo tusali hapa hapa," mwenyekiti akasema. "Lakini zamu yako tutakuwa tunairuka kwanza, mpaka upate kivuko."

"Sawa," mama akasema, akakinyoosha kitambaa ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

Wakaanza. Walipofika kwenye sala ya kutubu kila mtu alijipiga kifua, wao upande wa lami, mama upande wa uwanja wake uliofagiwa. Mkono wangu mimi ulikuwa umeziba pua. Nikauacha hapo hapo.