Tangi Lililofungwa kwa Ngozi

Siraje wa Nyamityobora alikuwa fundi mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Ufundi aliupata kwenye karakana ya kambi ya jeshi Mbarara, na matusi aliyapata hapohapo, kama nyongeza. Watu walimvumilia kwa sababu gari alilolala chini yake liliondoka likiwa zima. Mkewe alipofariki alibaki na binti mmoja, Zainah, naye akaolewa Misiera, kwenye kambi ya Nakivale, na mkimbizi muuza sukari na sabuni. Siraje aliinung'unikia ndoa hiyo mpaka mjukuu alipozaliwa akapewa jina lake. Hapo akanyamaza, jambo lililowashangaza majirani.

Alikuwa na gari moja la ajabu, gari-nyumba. Wazungu wawili watembezi walimwachia alitengeneze, vita vikaja, wasirudi tena. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko na sinki lenye pampu ya mguu, na chini ya sakafu tangi la plastiki la maji ya kunywa, limebebwa na mikanda miwili ya chuma. Vita vilipokwisha, nesi Topista alikuja kuliomba awe anakwenda nalo Nakivale kutibu watu. Siraje akakubali kwa sharti moja, kwamba usukani ataushika yeye.

Agosti ya mwaka themanini na saba, siku chache baada ya Idi ya kuchinja, mwendesha baiskeli alileta habari kutoka Misiera kwamba kuhara kumeingia. Visima vimekauka, watu wanateka maji ziwani pale pale wanaponyweshea ng'ombe, na kuni za kuyachemshia hazipatikani. Watoto ndio wanaokwisha. Mtoto wa Zainah naye ameanza. Topista alikuwa na boksi zima la dawa, ule unga wa chumvi na sukari. Alichokosa ni maji safi ya kuukorogea.

Siraje akaingia chini ya gari kulikagua tangi la kuyabebea, akatoka amebadilika uso. Mkanda wa nyuma ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika, na tangi limening'inia upande mmoja kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kuchomelea hakuwezekani, maana umeme siku zile ulikuwa habari ya kusimuliwa. Jirani yake Muzamiru ndiye aliyemletea ngozi ya ng'ombe wake wa Idi. Ngozi ya kuchinja haiuzwi, hutolewa, kwa hiyo hapakuwa na maneno mengi. Siraje akaikata mikanda mipana.

Sasa, mtu yeyote wa Ankole, nchi yetu ya ng'ombe, anajua ngozi mbichi inavyofungwa. Unaikaza kwenye kitu kikiwa kitupu, unaiacha juani, inakauka na kujikaza yenyewe mpaka ukiigonga inalia. Siraje alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Lakini kungoja jua kulikuwa ni kumngojesha mtoto, na moyo wake ulikataa. Akalijaza tangi kwanza, akaifunga ngozi ikiwa bado inachuruzika, akajiambia upepo wa njiani utaikausha. Topista alimsihi wangoje mpaka kesho yake. Siraje alimtukana, na yule mama, mtu wa kanisa, akapanda garini.

Upepo haukukausha kitu. Kiungio cha tangi kilivuja njia nzima, kikailowesha ngozi, na ngozi iliyolowa haina ubishi, huvutika tu. Walikuwa wameshaziona nyumba za Misiera waliposikia kishindo chini ya miguu yao. Siraje akafunga breki, akajitupa uvunguni mwa gari. Tangi lilikuwa limeshuka upande wa nyuma, na mpira unaopandisha maji kwenye sinki umenyooka, karibu kung'oka. Jeki iliporwa wakati wa vita. Mawe ya pale yalikuwa makali, yangelitoboa. Basi akalala chali vumbini, akaliweka tangi juu ya magoti, akasukuma.

"Piga pampu," akamwambia Topista. "Ita watu na madumu. Mimi nimeshika."

"Mzee, hii tangi itavunja wewe miguu."

"Wewe piga pampu tu."

Watu wakaja mbio. Kutoka pale alipolala Siraje aliona miguu tu, ya akina mama, iliyojaa vumbi, na mingine yenye viatu vya jeshi vilivyochakaa. Juu yake pampu ililia, vikombe viligongana, watoto walilia. Maji yalimdondokea machoni. Kila miguu iliposogea aliiuliza Zainah yuko wapi, aitwe amlete mtoto. Walimjibu kwamba anakuja. Tangi lilipoanza kupungua uzito, nafuu ile ilimtisha kuliko mzigo, kwa sababu alijua maji yanakwisha. Akapaza sauti Topista amwekee Zainah yake. Kisha akamwomba Mungu, kwa aibu, kama mtu anayebisha hodi mahali ambapo hajakanyaga siku nyingi, achukue hiyo miguu miwili amwachie mtoto.

Halafu ikaja miguu aliyoijua, yenye kidole kimoja kilichopinda. Ilikuja polepole.

"Zainah, mpeleke kwa nesi," akasema. "Maji yapo. Nimeyashika."

Zainah akachuchumaa mpaka uso wake ukaonekana chini ya gari. Mgongoni hakuwa amebeba mtu. Mkononi alikuwa na dumu dogo.

"Baba, niwekee kidogo ya kumwoshea," akasema. "Yale ya ziwani sitaki yamguse."

Siraje akagonga sakafu ya gari kwa ngumi. Juu, Topista akakanyaga pampu. Siraje akasukuma tangi kwa magoti yake, akalishika pale mpaka dumu la binti yake likajaa.