Fundi Aliyesikiliza kwa Meno

Siku nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amefumba macho. Alisimama mbele ya gari lililofunguliwa boneti, ncha ya bisibisi ndefu ikigusa injini inayounguruma, mpini wake ameubana sikioni. Mimi nilikuwa nashona viti vya magari kwenye kibanda kinachopakana na gereji ile. Akafumbua macho, akamwambia mwenye gari, "Plagi ya pili imechoka. Nyingine ziache." Ikatolewa ya pili, ilikuwa nyeusi kama mkaa.

Kuanzia hapo watu wakamwita Sikio.

Kila Jumamosi mchana gereji iligeuka baraza. Wapenda magari walikaa juu ya matairi chakavu wakibishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Wakubwa wa ubishi walikuwa wawili, dereva wa teksi na karani wa posta.

"Gari halina klachi, hilo gari au kitanda?" dereva alisema. "Mguu mmoja umelala tu kama mgonjwa."

"Afadhali kitanda changu," karani akajibu. "Lako likiona mlima, abiria wanashuka kusukuma."

"Mlima napanda na gia ya pili, bwana! Lako linajichagulia gia lenyewe, siku moja litajichagulia na njia."

Mwishowe wote walimgeukia Sikio. Aliweka bisibisi, akafumba macho, akatoa hukumu, ubishi ukaisha. Siku moja karani alilalamika kwamba gari lake halina nguvu. Sikio akalisikiliza, akaliendesha, kisha akampa karani usukani na kukaa pembeni yake. Waliporudi akasema mbele ya wote, "Injini haina kosa. Wewe unakanyaga mafuta kwa mguu wa kulia na breki kwa wa kushoto, kwa wakati mmoja. Unagombana na gari lako mwenyewe, mzee." Watu walicheka, na wakaendelea kucheka wiki nzima. Karani naye alicheka, lakini kwa mdomo tu.

Mwaka wa saba tangu nimjue, niliona mpini umehama. Sikio hakuuweka tena sikioni, aliuuma kwa meno. Wenzake wakasema fundi kapata mbinu mpya. Mimi nilikuwa nimeshamwita kwa nyuma mara tatu bila yeye kugeuka.

Akaja kibandani, akakaa juu ya furushi la sponji. "Mshonaji, wewe umeshajua."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Injini bado nazipata kwa meno, mtikisiko wake naujua. Watu ndio siwapati. Wakigundua, nani ataniletea gari? Hakuna kazi nyingine ninayoijua."

Maneno yalinikwama, kama kawaida yangu. Nikaokota kipande cha ngozi bandia nilichokata kwenye kiti, nikakitupa miguuni pake. Akakitazama, akanitazama, akacheka. Hayo ndiyo yakawa makubaliano yetu. Aliye mbele yake alimsoma midomo; mtu akimwita kwa nyuma, natupa kipande kimguse mguu, naye anageuka. Miaka miwili tulikwenda hivyo, hakuna aliyejua. Hata shemeji, mkewe, alidhani mumewe ameota kiburi cha kutoitika.

Kisha siku moja nilikwenda kununua uzi, na siku hiyohiyo, kama nilivyokuja kusikia baadaye, karani akapiga honi nyuma ya Sikio. Sikio hakushtuka. Karani akapiga tena, akatabasamu, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata aliwahi na dereva wa teksi, Sikio hajafika. Wakaweka pampu ya umeme ya kujazia matairi upepo ndani ya buti ya gari la karani, wakaiwasha, wakafunga. Gari zima likawa linatetemeka, na injini imezimwa. Karani akanigeukia, akaweka kidole mdomoni. "Wewe ni mwenzetu leo, mshonaji. Tulia uone mchezo."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniita mwenzake pale.

Sikio akaja, wakamwonyesha gari kwa ishara. Kama angeutazama mkanda wa feni angeuona umetulia tuli. Lakini yeye alikuwa na desturi yake. Aliweka bisibisi, akauma mpini, akafumba macho. Kipande cha ngozi nilikuwa nacho mkononi, tayari. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua nne. Wote walikuwa wananitazama wakitabasamu, nami nikatabasamu.

Akainua kidole, maana yake ongeza mafuta. Karani akakanyaga pedali ya injini iliyokufa.

"Silinda ya tatu," Sikio akasema. "Haichomi vizuri."

Dereva alianguka chini kwa kicheko. "Fundi, hata ufunguo hatujauzungusha!" Sikio akafumbua macho. Akaona midomo iliyo wazi, akaona mkanda umesimama, akaelewa yote kabla karani hajafungua buti. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama wao.

Alikusanya spana zake moja moja, akazifuta kama anavyozifuta siku zote. Hakuna aliyemsaidia. Gari la mwisho alilokuwa akilitengeneza, mwenye gari alishalisukuma hadi gereji ya jirani kabla jua halijazama.

Alipita kwangu na sanduku lake begani. Nilinyanyuka. Akasimama mlangoni, akanishika kiganja, akakifungua vidole kimoja kimoja.

"Kipande kilikuwa mkononi mwako, mshonaji," akasema. "Nilikiona."