Nilivyofunga Mikanda Basi la Hadado

Siku yangu ya kwanza kazini niliuza katoni nzima ya mikanda ya usalama kabla ya adhuhuri, nikajiona nimezaliwa kwa ajili ya biashara ile. Duka lilikuwa hapa Garissa, la vipuri vya magari, na mnunuzi alikuwa mwenye lori kutoka Ijara. Meneja wa Tawi, mtu mnene aliyependa kucheka, aliporudi kutoka msikitini nilimtangazia ushindi wangu.

"Mashallah, Rukia! Anaifunga kwenye gari gani?"

"Si kwa abiria, Meneja. Anataka kufungia madebe ya maziwa yasicheze njiani."

Alicheka mpaka akakalia rundo la matairi. Kisha akajifuta macho na kuniambia kwa upole, "Leo umeuza kamba. Kesho jaribu kuuza mkanda."

Ninyi mnaosoma haya mmezoea gari linalokupigia kengele mpaka ujifunge. Wakati ule serikali ilikuwa imeamuru magari ya abiria yawe na mikanda na kidhibiti mwendo, kile kifaa ambacho kila mtu alikiita gavana, kinachozuia gari kupita mwendo uliowekwa. Amri ilitoka, wateja wakaja, lakini walikuja kwa kuogopa askari wa barabarani. Wakishavuka kizuizi, mkanda unasukumwa chini ya kiti na waya wa gavana unang'olewa. Tuliuza sana, ila hatukuwa na soko. Soko ni mtu kurudi mwenyewe kuulizia.

Meneja aliona nina hamu, akanipeleka Nairobi kwa mafunzo. Huko nilimkuta Mkuu wa Mafunzo, mama mkali mwenye miwani, ambaye hakutuweka darasani hata kidogo. Alitupeleka kwenye uwanja wa lami uliomwagiwa maji, akanipa gari la zamani na kuniamuru nikimbie kisha nikanyage breki kwa nguvu zangu zote. Magurudumu yalijifunga, gari likateleza kama sabuni, na usukani nikauzungusha bure. Halafu akanihamishia gari lenye breki za kisasa, zile zinazobana na kuachia upesi upesi ili gurudumu lisijifunge. Nilikanyaga. Pedali ikatetemeka chini ya unyayo wangu kama moyo wa mwanambuzi unapomshika, na gari likanitii, likapinda nilipotaka lipinde, likasimama.

Nilipiga kelele humo ndani. Mkuu wa Mafunzo akaja mbio. "Umeumia?"

"Ngamia!" nikamwambia.

"Ngamia gani?"

"Kwetu ngamia akitokea barabarani, dereva anakanyaga breki na usukani unakufa mikononi. Hii ningemkwepa, Madam! Wallahi ningemkwepa!"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi ukirudi waambie hivyo hivyo. Usianze na majina ya mitambo. Anza na ngamia."

Nilipomaliza mafunzo nilihamishiwa Wajir, chini ya Msimamizi wa Kanda, mtu wa Meru, mwembamba, asiyesema sana. Aliponipokea alisema neno moja tu kuhusu kazi: "Jaribu." Nami nikaanza na Haji Dakane, tajiri wa mabasi ya kwenda Hadado. Mabasi yake yalikuwa makuukuu, hayangeweza kutiwa zile breki, lakini yalikubali mikanda na gavana. Haji ndiye hakukubali. Alizungumza nasi Kiswahili kwa kumheshimu Msimamizi.

"Mwanangu, abiria yangu ni watu ya heshima. Mimi hawezi funga wao kama mbusi."

Nikamwomba gari lake dogo na gunia la mchele. Tulikwenda uwanja mtupu nyuma ya gereji yake, madereva wake wote wakaja kutazama mwanamke akiendesha. Nililiketisha gunia kwenye kiti cha abiria bila mkanda, nikajifunga wangu, nikakimbia na kufunga breki ghafla. Mimi nilivutwa nikarudi kwenye kiti. Gunia liliruka, likapiga dashibodi, likapasuka. Mchele ulijaa mpaka chini ya pedali. Madereva waliokuwa wakicheka walisogea kutazama.

Haji alichungulia dirishani. "Hii ingekuwa mtu," alisema polepole. "Haye. Funga basi ya Hadado kwansa. Lakini ukitoboa sakafu yangu bure, utaona mimi."

Kazi ya kufunga ilitaka subira. Mkanda haushikwi na kiti, unashikwa na sakafu. Na bati la basi la zamani ni jembamba. Chini yake huna budi kuweka bamba la chuma, ndipo bolti ipite katikati na nati ikazwe. Bila bamba, abiria akivutwa anang'oka na bolti yake. Mabamba yalichelewa kukatwa, na dereva wa basi hilo, kijana aitwaye Gedi, akawa anakuja kutupigia honi nje ya gereji. Msimamizi naye akachoka.

"Rukia, mteja anangoja. Tuweke bolti, mabamba yatafuata."

"Yakifuata ajali, bosi?"

Aliinama akaingia chini ya basi, akapapasa lile bati kwa kidole, likabonyea. Alipotoka alivua shati, akashika msumeno wa chuma akaanza kukata mwenyewe. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka kiti cha mwisho.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja, kijana wa gereji aliingia dukani akihema: basi la Haji la Hadado, lile tulilolifunga mikanda, limepinduka njiani kuja Wajir. Mama yangu alikuwa ndani ya basi hilo, anakuja kunitembelea.

Msimamizi aliendesha, mimi nikawa sioni njia. Nilizihesabu zile bolti moja moja kichwani, nikijiuliza ni ipi niliikaza kwa mkono uliochoka, kama nati ya kiti cha mbele ilifika mwisho. Tulipofika, basi lilikuwa limelala ubavu mchangani, tairi la mbele limepasuka. Watu walikuwa wamekaa kivulini mwake. Nasema wamekaa, hawakulala. Mmoja alikuwa amevunjika mkono, wengine wana michubuko, na Gedi alikuwa akitembea huku na huku akimwambia kila mtu kwamba gavana lilimzuia, lau si gavana wangebingirika mpaka leo.

Mama yangu aliniona kabla sijamwona. "Rukia!" aliita kwa Kisomali. "Njoo uone mkanda wako ulivyoninyonga! Nilining'inia pale kama nyama ya duka. Na chupa yangu ya chai imevunjika."

Nilipiga magoti mchangani nikamkumbatia, nikalia hadi akanikaripia. Nilipoinuka nilimkuta Msimamizi ndani ya basi, anagusa bolti moja baada ya nyingine, na kwa kila moja anasema, "Asante Mungu." Hakuna iliyotoka.

Baada ya hapo, ndugu zangu, sikuwahi tena kumbembeleza mtu. Haji aliagiza mikanda ya mabasi yake yote. Wenye malori wakaja. Niliporudishwa Garissa kuwa mkuu wa mauzo, tulianza kuuza kamera za nyuma, maana mifugo na watoto hupita nyuma ya gari bila kuonekana, kisha sensa zinazolia ukikaribia kitu. Walimu na wauguzi walionunua magari yaliyotumika ng'ambo walikuja kuuliza kama mifuko ya hewa, ile inayofura mbele ya dereva gari likigonga, bado ni mizima au imeng'olewa bandarini. Akina mama vijana wa mtaa wa Galbet, hapa mjini, waliulizia viti vya watoto. Duka moja likawa mtaa mzima wa maduka, na mimi nilifurahia hata washindani wangu.

Sasa nimestaafu, na mnaniuliza kama nimechoka na magari. Hivi majuzi binti mmoja muuzaji alinipa lifti katika gari jipya, tukapita Galbet. Mkokoteni wa maji ukachomoka ghafla upande wa kushoto, punda na mapipa yake. Kabla binti hajasogeza mguu, gari lilipiga kengele na kujifungia breki lenyewe. Tulisimama. Punda akatutazama, mwenye mkokoteni akatutukana, akaendelea na safari.

Binti aligeuka, ameshika kifua. "Eeddo, uko sawa?"

Eeddo ni shangazi, ndivyo wanavyoniita siku hizi. Nilifungua mkoba nikatoa simu, nikampigia Msimamizi wangu wa zamani, aliyestaafu kwao Meru, na alipopokea nilipiga kelele hata watu wa barabarani wakageuka: "Bosi! Limesimama lenyewe!"