Nyumba ya Qali Iliyopinda

Hebu mfikirie mtu anatoka vichakani, jua la Garissa likiwa utosini. Amejikunja hata uso hauonekani. Mgongoni ana fito zilizopindwa kama mbavu za mnyama mkubwa, juu ya fito mikeka, na kibuyu cha maziwa kinamgonga kiunoni kila anapopiga hatua. Kwa mbali ungeapa ni ngamia wa mizigo. Akisogea ndipo unamwona ni mwanamume mzima, ndevu kazitia hina.

Huyo ni Guleid. Na mwanamke anayemchungulia kupitia miiba ya ua, mkono juu ya tumbo lake kubwa, ni Qali, mkewe.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba, vita vya serikali na waasi havijaisha. Serikali ilikuwa imeamuru wafugaji waingie katika vijiji vya ua vinavyolindwa na askari. Qali, kwa kuwa alikaribia kujifungua, aliletwa kwa lori, akapokewa na wifi yake Saado. Nyumba yake ikabaki malishoni. Na amri ilikuwa kwamba siku hiyo jua likizama, kitakachobaki nje kitachomwa.

Msomaji wa mjini utaniuliza, nyumba inabebwaje? Ya mfugaji hubebwa. Aqal ni fito na mikeka tu. Asubuhi inafunguliwa, jioni imesimama kwingine, ngamia akiwapo. Nayo ni mali ya mwanamke. Yeye husuka, yeye husimamisha, yeye hufungua. Mwanamume haigusi; akiigusa atachekwa mpaka kaburini. Fito za Qali zilikuwa za mizizi ya mgunga, zilizopindwa na mama yake mwaka aliofariki. Qali alitaka jambo moja tu, mtoto wake wa kwanza azaliwe chini ya fito zile. Lakini ngamia wao walikuwa wamepigwa risasi wote.

Asubuhi hiyo, Guleid akiwa ameondoka bila kuaga, wanawake walikuwa wakimliwaza.

"Abaayo, dada yangu, zisahau hizo fito," alisema Saado. "Kaka yangu alikutolea ngamia kundi zima. Mapenzi ni hayo."

"Na sasa wako wapi?" akadakia jirani yao Sharifo. "Mimi mume wangu Rage alinitungia shairi. Shairi halipigwi risasi! Hebu Qali, wako amewahi kukuambia neno tamu?"

Qali akawaza sana. "Aliwahi kuniambia nisikae upande wa moshi."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Qali naye alicheka, huku akitazama njia ya malishoni.

Sasa Guleid yuko getini. Askari akamzuia kwa bunduki. "Wewe mzee, umebeba nini?"

"Nyumba ya bibi yangu."

"Ngamia huna?"

"Ngamia yangu nyinyi mlibiga risasi," alisema Guleid, jasho likimdondoka puani. "Leo ngamia ni mimi."

Askari akamtazama, akatazama fito, akashindwa kujizuia kucheka. "Haya, pita, ngamia!"

Ndani ya ua wanaume walikuwa wamekaa kivulini, na Rage, mume wa Sharifo, ndiye aliyeanza. "Waryaa Guleid! Kengele yako ya mti ya shingoni iko wapi? Piga magoti tukupakue!"

Kivuli kizima kikalipuka kwa kicheko. Guleid akapita katikati yao, hakugeuza shingo. Qali alisikia kila neno. Mashavu yalimwaka kwa aibu, halafu aibu ikayeyuka, pakabaki kitu alichokuwa hajawahi kukipatia jina. Papo hapo uchungu ukamkamata.

Wanawake wakamzunguka, hakuna aliyebaki wa kusimamisha nyumba. Guleid akaanza mwenyewe, mikono yake ikijua ngamia tu.

"Huo wa nyuma!" alipiga kelele Qali kutoka nyumbani kwa Saado, akichungulia mlangoni, meno ameyauma. "Guleid, na huo mwingine ni wa mlangoni!"

"Nyamaza uzae!"

"Nitazaaje na wewe unageuza nyumba ya mama yangu kuwa kapu!"

Sharifo, akicheka na kulia, alitoa kichwa nje akamwita mumewe. "Rage, nyumba yangu nayo iko nje, tena si mbali. Shairi lako litaibeba?"

Rage akainuka, akatoka getini. Jioni alionekana akiingia getini, mikeka kichwani na fito begani, akiimba kwa sauti kubwa ili watu wadhani ni starehe.

Qali aliingizwa ndani mkeka wa mwisho ukiwa haujafungwa. Nje ya ua moshi wa nyumba zilizoachwa ulikuwa umeanza kupanda alipojifungua msichana, chini ya fito za bibi yake. Wakampa jina la bibi huyo, Sahara. Wanawake wakapiga vigelegele hadi askari wakakimbilia silaha. Guleid alikuwa mlangoni, mgongo umechubuka, anacheka peke yake.

Nyumba ilikuwa imepinda ajabu, imeegemea upande mmoja kama mzee asiyesikia vizuri. Arobaini ilipokwisha Saado alikuja tayari kwa kazi. "Inuka, abaayo, tuinyooshe. Watu wanacheka."

Qali, mtoto akiwa kifuani, aliutazama ule mwinamo, akatikisa kichwa. "Waache wacheke."

Vita vikaisha, bado imepinda. Nawe msomaji wangu, mikono unayo na kazi unaijua: ingekuwa yako, ungeinyoosha?